Sufuria ya Stamena

Topli Do, 20 Novemba 2004

Mpwa wangu Dubravka,

Kosa la wengi wanaoanza kupunguza uzito ni kutaka mwili ujibu siku hiyohiyo wanapouuliza. Nimelitanguliza hili kabla ya salamu, unisamehe. Ualimu wa kemia umeniharibu adabu. Sasa salamu: hujambo wewe? Mama yako, dada yangu Stamena, anaendeleaje na ile mashine ya kusafisha damu? Mimi sijambo, ila magoti, na theluji imeshashuka hadi malisho ya juu. Simu huku unaijua, mpaka mtu apande kilimani ndipo ishike, na kilima sikiwezi tena. Basi tuandikiane. Lori la mkate ndilo linaloleta posta.

Umeniandikia kwamba madaktari wamekubali figo yako inamfaa mama yako, ila hawatakupasua mpaka upungue kilo kumi na mbili. Umejinyima wiki tatu na mizani haijatikisika. Unaniuliza kama Mungu amekuumba kwa jiwe.

Hapana. Mtu aliyezoea kukaa kitini siku nzima akianza kutembea, misuli yake huumia kidogo, na misuli iliyoumia huvuta maji ili ijitengeneze. Mafuta yanatoka kwa mlango mmoja, maji yanaingia kwa mwingine. Mizani haijui tofauti. Inapima mafuta, maji, na chai uliyokunywa asubuhi, yote kwa mkupuo mmoja. Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwaambia kwamba kabla ya kuuliza kipimo kinasema nini, waulize kwanza kinapima nini.

Kwa hiyo jipime mara moja tu kwa wiki, asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni. Siku nyingine angalia mambo mengine: unapanda ngazi za nyumbani bila kusimama? Kiuno cha sketi kinasemaje? Hayo huja kabla ya mizani.

Ningekuwa na figo ya kutoa ningeitoa mimi. Sukari yangu imeninyima nafasi hiyo. Umebaki wewe peke yako, na najua uzito wa neno hilo.

Mjomba wako,
Velimir


Niš, 5 Desemba 2004

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta na nafuu ya magoti. Mimi mzima. Mama ni hivyohivyo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa yuko kwenye mashine, na siku za katikati analala kama mtu aliyelima shamba. Wiki iliyopita mshipa wa mkono wa kushoto uliziba tena. Daktari anasema wa kulia nao umechoka, na sehemu za kumchoma zikiisha, mambo yatakuwa magumu. Jopo lao linakaa mwanzoni mwa Machi. Nisipofika na uzito wanaoutaka, tunasubiri tena, na sijui kama mikono ya Mama inaweza kusubiri.

Lakini nina habari njema. Nimeanza mfungo wa Krismasi, Mjomba, siku arobaini hadi tarehe sita Januari! Sijafunga tangu utotoni. Nyama hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna, jibini hakuna, siku nyingine hata mafuta ya alizeti hakuna, maji matupu. Nani asiyepungua hapo? Kazini Goca, yule tunayekaa naye dirisha la tiketi, ananiambia mbele ya abiria, "Dubravka, ukifunga hadi Krismasi tutakutafuta kwa tochi!" Dereva mmoja akadakia, "Afadhali, angalau kituo kitapata hewa." Nikamkatia tiketi ya abiria, nikamwambia leo asafiri kwa adabu kama watu wengine.

Mama amefurahi mno. Anapika yeye mwenyewe, hata siku anayotoka hospitali. Nikimwambia apumzike ananiuliza, "Wakininyang'anya na jiko, nitabaki na nini?" Yeye maharage haruhusiwi kwa sababu ya figo, lakini ananipikia mimi sufuria nzima na kunifungia mengine ya kazini. Majirani nao, wakisikia nafunga, wanatuletea halua na keki za mfungo. Halua unaijua haina hata tone la maziwa.

Niombee mizani ifunguke.

Mpwa wako,
Dubravka


Topli Do, 12 Desemba 2004

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hapa tuko salama, ila mbwa wa jirani yangu Sreten amekula soseji zangu zote, kwa hiyo na mimi nafunga bila kupenda.

Usinielewe vibaya: kufunga ni jambo jema. Lakini padri hajawahi kuniambia kwamba Mungu anapima viuno. Mfungo umekuambia usile nini. Haukukuambia ule kiasi gani. Huku kwetu kila mwaka nawaona watu wanaingia mfungo wembamba na kutoka wamenenepa. Kwa nini? Kwa sababu mkate ni chakula cha mfungo. Viazi vya kukaanga ni vya mfungo. Jamu ya plamu ni ya mfungo. Na hiyo halua unayoisifu, mwanangu, ni ufuta na sukari: ufuta ni mafuta yaliyojificha ndani ya mbegu. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kinatosha kufuta matembezi yako ya asubuhi.

Halafu lipo pipa la kabichi ya kuchachusha, ambalo najua liko kwenye roshani yenu kama lilivyo kwenye roshani ya kila mtu. Kabichi haina kosa, ila chumvi yake inashika maji mwilini, na mizani itayasoma maji hayo kama unene. Ioshe mara mbili kabla ya kula.

Acha halua. Wape majirani asante na wape wajukuu wao halua. Mkate kipande kimoja. Maharage ya mama yako yaliyochemshwa kwa maji endelea nayo, yanashibisha kwa muda mrefu, nami sina neno nayo.

Wiki mbili za namna hiyo, kisha uniandikie.

Mjomba wako,
Velimir


Niš, 28 Desemba 2004

Shikamoo Mjomba,

Uko salama? Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Nimefanya yote. Halua sijaigusa. Mkate kipande kimoja. Kabichi nimeiosha mpaka imekuwa kama gazeti lililonyeshewa. Basi la kwenda kazini nimeliacha, nakwenda kwa miguu kando ya mto, kwenye barafu, nimeanguka mara mbili mbele ya watu. Jumapili nimepanda mizani na imepanda. Nasema imepanda, Mjomba! Nimeongezeka karibu kilo nzima.

Hospitalini muuguzi ameandika namba ile bila kuinua uso. Nilikuwa najua anavyofikiri: huyu anakula gizani. Goca naye juzi kaniuliza polepole, "Dada, una hakika hulambi kitu jikoni?" Nimeapa kwa jina la marehemu baba. Kisha akageukia abiria wake, na kugeuka kwake kumeniuma kuliko maneno ya yule dereva.

Sasa najifunga plastiki tumboni nikitembea, wanasema inatoa jasho. Nimefikiria pia kuacha kula kabisa, ninywe chai tu na maji kidogo, hadi Machi. Lakini jana Mama amenikuta nalia bafuni, akaniambia, "Acha, mwanangu. Umejaribu. Mungu amekuumba hivyo, na mimi nimeshaishi vya kutosha." Akaniwekea sahani ya maharage, yale yake, laini, yanateleza kooni kama hariri. Nimekula nikilia.

Mjomba, nadhani nitaacha. Mshipa wa mkono wa kulia wameupasua tena wiki hii. Siwezi kumtazama mama yangu anapungua mbele yangu huku mimi naongezeka.

Mpwa wako,
Dubravka


Topli Do, 1 Januari 2005

Dubravka,

Salamu fupi, kwa sababu lori linangoja na dereva anapiga honi.

La kwanza: ondoa hiyo plastiki. Inatoa maji, na maji utayanywa jioni. La pili: usithubutu kuacha kula na kunywa. Wanachokitaka kwako ni figo, na figo yenye kiu inaharibika. Ukifika Machi umekonda na figo imechoka, watakurudisha nyumbani na hutakuwa umemsaidia mtu.

La tatu, na hili nimelifikiria siku mbili kabla ya kuliandika. Mwili unaweza kukuchelewesha wiki tatu, nne, kwa sababu ya maji. Hauwezi kula kidogo, kutembea kila siku, na kuongezeka muda wote huu. Hesabu haifungi. Nakuamini hulambi kitu. Kwa hiyo kuna kitu kinaingia bila wewe kujua, na umeniandikia mwenyewe kwamba maharage ya kuchemshwa kwa maji yanateleza kooni kama hariri. Maharage ya maji hayatelezi, mpwa wangu. Yananata.

Fanya jaribio. Chota maharage hayo kwenye sahani, yaweke nje dirishani asubuhi kwenye baridi, uyatazame ukirudi kazini. Kama ni maji, yatakuwa kama uji. Kama kuna mafuta ya alizeti, yatabaki maji ya njano juu yake, kwa maana alizeti haigandi kirahisi. Mafuta ya nguruwe yanaganda, tena meupe.

Usimwambie mama yako. Naomba niwe nimekosea.

Mjomba wako,
Velimir


Niš, 9 Januari 2005

Kristo amezaliwa. Nimeandika hivyo kwa sababu ndiyo salamu ya Krismasi na ni lazima iandikwe.

Mjomba, hukukosea. Niliporudi kazini ile sahani ilikuwa na kifuniko cheupe. Nilikigonga kwa kijiko kikalia kama bakuli. Mafuta ya nguruwe, Mjomba, katikati ya mfungo, kwa mkono wa mama yangu asiyekunywa hata kahawa yenye maziwa siku ya Ijumaa!

Nilinyamaza hadi mkesha wa Krismasi. Majani makavu yametandazwa sakafuni kama desturi, mshumaa unawaka, ameleta maharage ya kuoka mezani, na ameshaanza kusali. Nikaiweka ile sahani iliyoganda mbele yake.

Nikamwambia, "Hii ni nini?"

Akaitazama. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Ni chakula."

"Mama, leo ni mfungo!"

"Mimi ndiye niliyepika. Dhambi ni yangu. Wewe umefunga."

"Miezi miwili najiona nyama isiyofaa! Watu wananiita mwongo! Kwa nini?"

Ndipo akainua sauti, mama ambaye hata kuku hamfukuzi kwa kelele. "Kwa sababu nilikuzaa mzima! Nilikupa mbili, na utazikwa na mbili! Wakukate ubavu wewe, mwenye miaka thelathini na minne, hujaolewa, hujazaa, ili mimi mzee nikae tena kwenye dirisha kutazama magari? Sikubali. Nikiwakatalia madaktari mnaniita kichaa. Basi nikapika."

Nikamwambia hana haki. Akaniambia nikiendelea na mambo haya hatakwenda kwenye mashine. Nikadhani ni maneno tu. Ijumaa, tarehe saba, Krismasi yenyewe, gari la hospitali lilikuja, akalirudisha. Jana miguu ilimvimba mpaka viatu havikuingia, pumzi inakatika, nikapiga kelele ngazini na jirani akambeba hadi kwenye gari lake. Amesafishwa damu. Amerudi. Hasemi na mimi.

Sufuria nimeitupa jalalani, na maharage yake yote. Nilidhani nitajisikia nimeshinda.

Nifanye nini? Kama unaweza kuja, njoo.

Dubravka


Topli Do, 14 Januari 2005

Mpwa wangu mpendwa,

Ningekuja. Barabara imefungwa na theluji tangu lile lori la mwaka mpya liondoke, hata barua yako Sreten aliipandisha kwa miguu kutoka bondeni, na hii ataishusha vivyo hivyo. Pole sana. Nimekaa na barua yako mchana kutwa, na nimemlilia dada yangu na wewe pia.

Lakini acha nikueleze jambo ambalo kwa hasira yako hujaliona. Unasema miezi miwili imepotea. Hebu fikiria mtu anapanda mlima, na nyuma yake kuna mwingine anamtia mawe mfukoni kila hatua. Jioni anatazama, yuko palepale. Analia kwamba miguu yake haina nguvu. Je, ni kweli? Miguu iliyombeba yeye na mawe yote yale bila kurudi nyuma ni miguu yenye nguvu kuliko anavyojua. Ulikula sufuria ya mafuta kila siku, Dubravka, na hukuongezeka ila kilo moja. Mwenzako asiyetembea angeongezeka nyingi. Ulichokuwa unakiita bure kilikuwa kinafanya kazi kila siku.

Sasa mawe yametoka. Jipikie mwenyewe, chakula kilekile, kiasi kilekile, njia ileile ya mto. Usiongeze ukali. Mwili hauhitaji adhabu, na huna kosa la kuadhibiwa.

Na mama yako usimpigie kelele. Mpeleke kwenye mashine, mrudishe, mwekee chai. Asipokujibu, mwambie usiku mwema uondoke.

Mjomba wako anayekupenda,
Velimir


Niš, 26 Februari 2005

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kimya. Theluji imeyeyuka huko? Magoti je?

Wiki ya kwanza baada ya barua yako mizani haikusogea. Nilitaka kuitupa dirishani. Wiki ya pili nusu kilo. Nikashuka, nikapanda tena, nikahamisha mizani chumba kingine, ikasema vilevile. Tangu hapo inashuka, si kwa haraka, lakini inashuka. Nimebakiza kilo sita. Sketi ya kazini naishika kwa pini. Yule dereva kanitazama, akasema, "Dirisha limepanuka au?" Nikamwambia aweke nauli mezani kwanza.

Ningekuandikia haya kwa furaha. Lakini mishipa ya mikono yote miwili ya Mama imekwisha. Wamemwekea mrija shingoni, na daktari anasema mrija si wa kukaa nao, maambukizi yakiingia yanaingia moyoni. Kisha akanivuta koridoni, akaniambia, "Binti, uzito wako sasa ni suala la wiki chache, jopo litakungoja. Mimi nasubiri sahihi ya mama yako, na hiyo sijui dawa yake." Wamempa karatasi mara mbili. Mara mbili amesema mkono unamuuma.

Nyumbani tunaishi kama wapangaji wawili. Nampeleka, namrudisha, namwekea chai, kama ulivyosema. Anasema asante. Asante tu, Mjomba, tangu Krismasi!

Jana nilipotoka kazini nilinunua burek ya nyama, kubwa, inachuruzika mafuta, nikaila yote nimesimama barabarani. Nilijiambia, nakonda kwa ajili ya nani? Nimeshinda mafuta, nimeshinda barafu, nimeshinda midomo ya watu, na anayetakiwa kupona hataki. Ulinifundisha kuvumilia mizani isiposogea. Sasa mizani imesogea na yeye ndiye hasogei. Hili ulinifundisha?

Mpwa wako,
Dubravka


Topli Do, 3 Machi 2005

Mpwa wangu,

Sijambo, na magoti yameacha kulalamika tangu njia ikauke. Burek moja isikutishe; mwili haubadilishi mwendo kwa jioni moja, kama vile haukubadilisha kwa asubuhi moja. Kesho rudi njia ya mto.

Swali lako ni la haki. Hapana, hili sikukufundisha. Nilikufundisha mafuta, maji na chumvi, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyovijua. Nimekuwa nikieleza tangu Novemba. Lakini katika barua zako zote, na zangu zote, nimetafuta mahali ambapo mmoja wetu amemuuliza Stamena mwenyewe anataka nini, sijapaona. Madaktari walimpa matokeo. Wewe ulimpa figo. Mimi nilimpelekea jaribio la kemia ndani ya jiko lake. Kisha wote tukamletea karatasi aweke sahihi. Mtu asiyeulizwa atasema hapana kwa njia yoyote iliyo mkononi mwake, na mkononi mwake palikuwa na mwiko.

Umeniambia kauli zake za mkesha ule na nimezisoma tena. Aliongelea ubavu wako, ndoa yako, watoto wako. Kifo chake hakukitaja kwa hofu hata mara moja. Anachokiogopa ni kitu kitakachokupata wewe kwenye chumba cha upasuaji, na huenda kuna kitu alichokisikia, au kukiona, au kukiota, ambacho hajamwambia mtu. Mimi ni kaka yake, nimekua naye kitanda kimoja, na sikijui. Kinaweza kuwa kitu ambacho daktari angekimaliza kwa sentensi tatu. Kinaweza pia kuwa kitu kisichomalizika, na akakataa hadi mwisho, na itakubidi ubaki binti yake hata hivyo. Sitakudanganya kwamba najua.

Najua tu kwamba mwili wako ulikuwa tayari kujibu tangu mwanzo, ila palikuwa na kitu katikati ambacho hatukukiona kwa sababu hatukukitazama. Nadhani na kwake ni hivyo.

Kwa hiyo leo, ukimwekea chai, usiende chumbani. Kaa naye mezani, umuulize, "Mama, unaogopa nini?" Kisha nyamaza mpaka amalize.

Mjomba wako,
Velimir